Ukiacha Dini, Kazi Zake Nani Atazifanya?

Tatizo la kwanza la mtu aliyeacha kwenda kanisani ni Jumapili. Mtaa mzima umeoga, umevaa, umetoka. Vipaza sauti vya makanisa ya mabati vimeanza tangu saa mbili asubuhi, watoto wa jirani wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na yeye amebaki uani na kikombe cha chai, hajui azifanyie nini zile saa ambazo miaka yote zilikuwa na mwenyewe. Aliyeacha msikiti anakutana na shimo hilohilo Ijumaa saa saba mchana.

Akiulizwa, husema: "Mimi si mtu wa dini, ni mtu wa kiroho tu." Wengi wanaosema hivyo wanamaanisha. Ila ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba maneno hayo ni ahadi ya kazi, na kazi yenyewe ni nzito kuliko ile waliyoiacha. Dini humfanyia mtu mambo mengi bila yeye kuyaona. Humpa ratiba, humpa watu, humkumbusha makosa yake, humtoa pesa mfukoni ziende kwa maskini, na mwisho humlaza kaburini kwa maneno yanayoeleweka. Ukitoka, kazi hizo hazifi. Zinakungoja wewe uzifanye kwa mkono wako.

Tuone kwanza tuko wapi. Sensa ya Uganda ya 2014 ilikuta Wakatoliki asilimia 39.3 ya wananchi wote, Waanglikana 32, Waislamu 13.7, Wapentekoste 11.1. Waliosema hawana dini hawakufika hata mmoja kwa mia. Katiba ya 1995 inakataza kuwa na dini ya serikali, ibara ya 7, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa mtu kuabudu anavyoamini. Kwa hiyo sheria haikubani. Kinachokubana ni fomu ya shule, fomu ya hospitali, na shangazi anayeuliza unasali wapi siku hizi. Kwenye fomu ya hospitali, jaza dini uliyolelewa nayo kama ungependa padri au shehe aitwe ukizidiwa. Kama hutaki, acha wazi. Hakuna sababu ya kumchosha karani kwa maelezo.

Lugha yetu yenyewe imeshatofautisha. Neno dini lilitoka Kiarabu, na Luganda nayo ikalichukua ikasema eddiini. Lakini watu wa Buganda wa mwanzo kubatizwa waliitwa abasomi, wasomaji, na kwenda kuabudu kukaitwa okusoma, kwa sababu walikutana mbele ya kitabu. Dini iliingia kwetu ikiwa darasa: mwalimu, kitabu, mtihani, orodha ya majina. Roho nalo lina asili ya Kiarabu, ila limezama mpaka kwenye mazungumzo ya sokoni. Tunasema fulani ana roho nzuri, fulani ana roho mbaya, na hatuulizi anasali wapi. Tunatazama anavyokaa na watu: anamlipaje kibarua, anamjibuje mama mkwe, akikopa anarudisha lini. Nitatumia kipimo hicho katika yote yanayofuata, kwa kuwa sijaona kingine kinachomzuia mtu kujidanganya.

Msomi wetu Okot p'Bitek alisimulia kisa ambacho kila anayejiita mtu wa kiroho angefaa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, kaskazini mwa Uganda: nani aliwaumba? Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya mapadri, basi swali likawafikia wazee hivi: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Mapadri wakazidi kuwabana. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu hata akizaliwa mzima, akishikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda, na anayemfinyanga namna hiyo ni Rubanga. Akajibu kwamba Rubanga ndiye afinyangaye watu. Basi jina la kile kinachopindisha migongo likaingia katika sala likawa jina la Mungu. Wazee wale hawakuwa watu wasio na roho. Walikuwa na abila, mahali pa wahenga karibu na nyumba, na walikuwa na njia ndefu za kusafisha damu iliyomwagika. Swali walilozoea lilikuwa jingine: ni kitu gani kimeharibika kati yetu, na nani akitengeneze? Anayeacha dini leo akianza na swali hilo la pili, atakuwa na la kufanya kesho asubuhi.

Aanze na kimya. Chagua saa iliyo kabla ya simu. Kwa anayeishi karibu na msikiti, adhana ya alfajiri, saa kumi na moja na kitu, ni saa nzuri na haina gharama. Huhitaji kuwa Mwislamu ili uamke nayo. Nawa uso. Kaa kwenye kigoda au ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka bila kuegemea, nyayo zote mbili sakafuni, viganja juu ya mapaja. Ukipenda mkeka, kunja blanketi ulikalie ili nyonga ziwe juu kuliko magoti, la sivyo miguu itakufa ganzi na utatumia muda wote kuipigania. Pumua kwa pua. Hesabu pumzi inayotoka tu, moja hadi kumi, kisha rudi moja. Ukijikuta umefika kumi na nne, au umeanza kupanga ada ya shule, rudi moja bila kujikemea. Dakika 10 kwa wiki mbili za kwanza, halafu 15, halafu 20. Mwaka wa kwanza usivuke hapo.

Usingizi ndio adui wa kwanza, na dawa yake ni ule mgongo usioegemea. Adui wa pili huja karibu wiki ya tatu: ladha inaisha, hakuna amani, hakuna lolote, ni wewe na mbu. Hapo ndipo wengi huacha, wakahamia kwenye video za watu wa mbali wanaouza mawe na siri za mafanikio. Ukavu ule ni wa kawaida. Watawa wanaujua na masufi wanaujua. Tofauti ni kwamba wao wana mtu wa kuwaambia wakae palepale. Wewe huna, basi jiandikie kwenye karatasi kabla hujaanza: wiki ya tatu itakuwa kavu, nitakaa hivyohivyo. Jambo la tatu ni zito zaidi. Kwa mtu aliyepita vitani, au aliyeumizwa nyumbani akiwa mtoto, kimya hufungua yaliyofungwa. Moyo ukianza kukimbia, picha zikaanza kuja, fumbua macho, simama, tembea polepole uani ukihesabu hatua, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Usikae na macho yamefumbwa ili kuonyesha ujasiri. Hali ikijirudia siku nyingi, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kwenda huko hakukupunguzii roho.

Kama nyumbani hamna utulivu, ziko sehemu. Hekalu la Wabahai lililo kilima cha Kikaya, Kampala, lilizinduliwa 1961, lina pande tisa na milango tisa, na ndani hakuna mahubiri wala ala za muziki. Husomwa maandiko ya dini mbalimbali na kuimbwa kwa sauti tupu. Wabahai wenyewe walipigwa marufuku na Idi Amin mwaka 1977, wakaruhusiwa tena utawala wake ulipoanguka, kwa hiyo wanaelewa vyema maana ya mtu kuachiwa akae kimya na la moyoni mwake. Mwingine atapenda maporomoko ya Ssezibwa, njia ya Jinja baada ya kupita Mukono. Hapo ni mahali pa matambiko hadi leo. Kaa mbali kidogo, usiguse kilichoachwa na wengine, usipige picha za watu wanaoomba.

Kimya peke yake hakitoshi, na hapa natofautiana na wengi wanaoandika juu ya mambo haya. Mtu anaweza kukaa dakika 20 kila alfajiri, akawa mtulivu kabisa, huku kibarua wake anadai mshahara wa miezi miwili. Dini nyingi zimeweka mahali pa kukiri: Mkatoliki ana kitubio, Mwislamu ana toba isiyokamilika mpaka haki ya mtu irudishwe, na walokole walijenga uamsho mzima juu ya jambo hilo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana kilima cha Namirembe, Kampala, wakaomba pamoja, na katika miaka iliyofuata moto huo ukasambaa Afrika Mashariki yote. Walokole walisimama hadharani wakataja walichoiba na waliyemwonea, kisha wakaenda kurudisha. Kanisa lao lenyewe, la Kianglikana, lilipata shida kuwavumilia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa kwa kutokubali kunyamaza. Nawataja kwa sababu watu hushindana kuhusu dini na roho kana kwamba mpaka wake uko mlangoni mwa kanisa. Wale walikuwa ndani, na walichokitafuta ni hikihiki.

Kwa asiye na kanisa, kazi hii hufanyika kwa daftari la shilingi elfu moja. Jioni, andika mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza: leo nimemkosea nani, jina lake. Wa pili: nilifanya nini, kwa kitenzi kimoja, nilimdanganya, nilimpuuza, nilimkata pesa. Wa tatu: nitarudisha nini na lini. Mstari wa tatu ndio unaofanya kazi. Ukiandika "nitajirekebisha", hujaandika kitu. Andika "Alhamisi nitamlipa 15,000 na kumwambia nilikosea hesabu kwa makusudi". Kila mwisho wa mwezi pitia mistari ya tatu ambayo haijatimizwa. Ikiwa zaidi ya mitatu, punguza muda wa kukaa kimya, ongeza muda wa kwenda kwa watu.

Makosa makubwa hayafungwi na daftari. Mato oput, mila ya upatanisho ya Waacholi, inaonyesha vizuri kwa nini. Mtu akimuua wa ukoo mwingine, wazee wa kati huanza kwa kutafuta ukweli wote wa jambo, na huweza kuchukua muda mrefu. Kisha hulipwa culu kwor, fidia. Hapo ndipo huja siku ya kunywa: mzizi mchungu wa oput umesagwa, umechanganywa na pombe katika kibuyu kimoja, wa pande mbili wanapiga magoti, mikono nyuma, wanainamisha vichwa pamoja na kunywa. Kondoo na mbuzi hukatwa nusu kwa nusu zikabadilishwa. Uchungu unanywewa na wote, aliyekosa na aliyekosewa. Kwa aliyerudi kutoka porini baada ya vita vya kaskazini kulikuwa na ibada fupi zaidi, nyono tong gweno, kukanyaga yai. Yai bichi linawekwa njiani, limebanwa katika kijiti cha opobo, mti unaoteleza kama sabuni. Pembeni umelazwa layibi, mti wa kuinulia kifuniko cha ghala. Yai halina mdomo, halijamsema mtu vibaya. Opobo inasafisha. Layibi inasema karibu tena, chakula kipo. Anayekanyaga anaingia nyumbani. Makubaliano ya Juba ya Juni 2007, kati ya serikali na waasi wa LRA, yalizitaja mila kama mato oput kuwa sehemu ya kutafuta haki. Usiende kuiga ibada hizi kwenye semina ya wikendi. Zina wenyewe, na bila ule ukweli na fidia ni kinywaji kichungu tu. Chukua mpangilio wake: ukweli kwanza, malipo ya pili, chakula cha pamoja mwisho. Watu wengi wa kiroho wasio na dini huanza na chakula.

Kufunga na kutoa huenda pamoja. Kampala iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo saumu ya Ramadhani kwetu huwa saa kumi na tatu na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Anayetaka kufunga bila dini aanze na siku moja kwa wiki, chakula cha jioni hadi cha jioni inayofuata, maji anywe atakavyo. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, na anayemeza dawa zinazohitaji chakula asifunge. Afunge simu au umbea badala yake. Na mtu asiache dawa za hospitali kwa jina la roho. Wapo waliofanya hivyo kwa kuahidiwa uponyaji wakazikwa, na kifo cha namna hiyo hakina utakatifu wowote. Kosa la kawaida ni kufunga kimyakimya halafu jioni kula cha watu wawili. Kama chakula chako cha mchana ni shilingi 5,000, siku nne za mwezi ni 20,000. Za kila wiki zitoe ndani ya wiki hiyohiyo. Zikilala, zitaliwa.

Kiasi cha kutoa kwa ujumla, chagua mwenyewe, lakini kiandike. Mkristo ana fungu la kumi. Mshahara wa 500,000 ni 50,000. Zaka ya Mwislamu ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo, kwa hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Asiye na dini asipoandika kiwango hutoa anapoguswa, na mtu huguswa zaidi na picha za mbali kuliko na mjane wa nyumba ya tatu. Kuna jambo dogo hapa: pesa ya simu hubeba jina lako. Ukitaka kutoa bila kujulikana, mpe mtunza hazina wa kikundi cha mtaa noti mkononi na umwambie anyamaze.

Maana watu huwezi kuwakwepa. Mkono mmoja haulei mwana. Ukitoka kwenye jumuiya moja lazima uingie nyingine, na Uganda ina jumuiya ambazo haziulizi dini. Munno mukabi, vikundi vya kusaidiana wakati wa shida, vina viti, mahema, masufuria na daftari la michango. Magharibi wana engozi, vikundi vilivyoanza na machela ya kubebea mgonjwa, na vijijini kila nyumba huchangia. Jiunge na kimoja, lipa kwa wakati, nenda kwenye misiba ya watu usiowajua. Huko ndiko roho inakopatia jasho.

Ukitaka pia kikundi cha mazungumzo ya ndani, kiwe cha watu wanne hadi wanane, kila wiki mbili, saa moja na nusu na si zaidi. Kila mtu azungumze dakika tano bila kujibiwa, kisha kimya, kisha maswali. Nafasi ya kuongoza izunguke. Kusiwe na pesa kabisa, hata za chai. Kila mmoja aje na kikombe chake. Masharti haya yanaonekana ya kitoto mpaka uone vikundi vinavyooza. Huoza njia moja: mmoja ana kipaji cha kusema, wengine wanaanza kumsubiri, mwishowe ana ndoto, na ndoto zina amri.

Msiba wa Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ulianza hivyo. Walioanzisha kundi lile la kurejesha Amri Kumi walikuwa Wakatoliki waliojitenga na uangalizi wa maaskofu wao. Wafuasi waliuza mali wakakabidhi pesa. Walizoezwa kunyamaza, wakawasiliana kwa ishara ili wasivunje amri ya kutoshuhudia uongo. Waliambiwa dunia itaisha na mwaka 1999. Haikuisha, wakapewa tarehe nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, watoto wakiwemo, na baadaye miili mingine mingi ikafukuliwa kwenye nyumba nyingine za kundi. Kanisa kubwa lina mabaya yake, lakini lina askofu anayeweza kumwita padri na kumuuliza. Kikundi chako hakina askofu. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia usiwaeleze ndugu zako, au uza kiwanja, au acha dawa, au malipo ya mwezi huu yawe makubwa kuliko ya mwezi uliopita, ondoka siku hiyohiyo, usingoje kuaga.

Alama hizo ni zilezile kwenye ssabo, kibanda cha matambiko cha Buganda. Wapo wanaoacha kanisa wakakimbilia wahenga, na sioni ubaya katika kutafuta kwao. Ila balubaale, yaani miungu ya Buganda, Mukasa wa ziwa, Kiwanuka wa radi, Musisi wa matetemeko, wana mahali pao na walinzi wao, na tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme si mlinzi. Anayedai damu au kiungo cha mtu ni mhalifu, na tangu 2021 kuna sheria mahususi dhidi ya kafara ya binadamu. Mwenye hamu ya kweli aanze na kisicholipiwa: mzio wa ukoo. Ujue ni mnyama gani au mmea gani hamli, na kwa nini hamuoani ndani ya ukoo. Kisha jifunze okulanya, kujitaja: mimi ni fulani, wa fulani, wa fulani, ukipanda kutoka nyumba hadi lunyiriri, mutuba, ssiga, mpaka kasolya, kichwa cha ukoo. Mzee wa ukoo atakufundisha kwa soda moja. Anayeweza kuwataja waliomtangulia mpaka wa sita hajikuti peke yake kirahisi.

Yote haya hupimwa siku ya mazishi. Hapo ndipo familia hugundua kwamba marehemu hakuacha neno. Paroko anasema hakumwona miaka kumi. Shehe hivyohivyo. Hema limeshasimama, watu mia tatu wameketi, na kwenye programu pale penye "ibada" pana pengo. Mara nyingi mhubiri yeyote aliyepo hupewa kipaza sauti, na marehemu anatumiwa kuwa mfano wa waliopotea, watoto wake wakisikia.

Andika ukurasa mmoja ukiwa mzima. Mahali utakapozikwa. Nani ataongoza: mtu mwenye sauti, anayeheshimiwa, anayeweza kumwambia mheshimiwa diwani kwamba dakika zake zimeisha. Mpangilio: kukaribisha, wasifu, kimya cha dakika mbili, wimbo mmoja ambao kijiji kizima kinaujua hata kama ni wa kanisani, kisha wazungumzaji, familia, ukoo, mwenyekiti wa mtaa (LC), marafiki, watano kwa jumla. Kwa watu wa Buganda, acha nafasi ya kusoma mabugo, ile michango ambayo jina lake lilitoka kwenye magome ya mti wa mutuba ya kumfungia maiti. Usiifute, ni ya ukoo. Kumtambulisha mrithi ni kwa ukoo vilevile. Dakika mbili za kimya zitangazwe mapema, na anayeongoza atazame saa, maana bila saa watu huanza kukohoa sekunde ya arobaini na yeye anakata tamaa.

Na hapa mtu wa kiroho anapaswa kuonyesha roho yake. Waombolezaji wako ni waumini. Mama yako atahitaji rozari, baba mdogo atahitaji dua. Wape usiku wa kesha wote, nyumbani, waombe watakavyo, na uandike hivyo kwenye karatasi. Kaburini ifuatwe karatasi yako. Familia nyingi zikipewa usiku hazigombei mchana. Nakala moja mpe mwenzi wako, moja ssenga, yaani shangazi, au mjomba anayesikilizwa, moja rafiki asiye wa ukoo. Na uwaambie kwa mdomo, kwa sababu karatasi iliyogunduliwa msibani huitwa ya kughushi. Ukitaka kugawa mali, huo ni wosia, na wosia wa Uganda unahitaji mashahidi wawili wanaokuona ukitia sahihi. Anayerithi asiwe shahidi, atapoteza alichoachiwa.

Ndoa ni rahisi zaidi. Ya kiserikali inatangazwa siku 21, kisha mnafunga ndani ya miezi mitatu tangu taarifa ilipotolewa. Ya kimila isajiliwe ndani ya miezi sita baada ya kukamilisha mila. Wengi husahau, na karatasi hiyo huja kutafutwa mmoja akishafariki. Watoto watasali shuleni, kwa kuwa shule nyingi zilianzishwa na makanisa au Waislamu. Waache wasimame na wenzao. Wakiuliza nyumbani, wewe uwajibu kwa sentensi moja ya kweli, na usiwafanye wajumbe wa hoja zako.

Halafu Krismasi itafika, na mama atasema, "Mwanangu, nisindikize." Nenda. Vaa vizuri kama zamani. Wakisimama simama, wakikaa kaa. Wakipiga magoti na wewe hutaki kusema uongo kwa magoti yako, inama mbele ukiwa umekaa, inatosha. Wakati wa komunyo bana miguu wapite. Nyimbo unazozijua imba. Kapu likipita tia kitu. Ibada ikiisha, usimharakishe. Nje ya kanisa mama husalimiana kwa muda mrefu kuliko mahubiri. Utasimama juani umeshika mkoba wake, na kila atakayekuja kumsalimu ataambiwa wewe ni nani.